Biri laini nne mezani Tabora: ipi inastahili fedha yako?

Mtu aliyekulia kwenye tumbaku, awe wa Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui, ana kipimo ambacho wavutaji wengi wa biri huko Ulaya hawajawahi kukishika mkononi. Anajua kwamba jani la chini ya mche ni jembamba na halina nguvu, la katikati lina sura na ulaini, na la juu, lililopigwa jua muda mrefu, ni nene, lina mafuta na linakamata koo. Ananusa mtumba wa tumbaku na kukwambia huu uliingia maji. Anatofautisha rangi iliyoletwa na ukomavu na rangi iliyoletwa na haraka ya bani, lile banda la kukaushia kwa moto. Lakini mtu huyohuyo akiletewa biri, ile sigara nene ya majani matupu isiyo na karatasi, ikiwa na pete ya dhahabu shingoni, ujuzi wake wote anauweka kando na kuiamini pete.

Ujuzi ule unatosha kabisa kwa kazi hii. Biri ni jani. Bei yake ipimwe kwa jani lenyewe, kwa muda lilivyotunzwa, na kwa mkono ulioliviringisha. Sanduku la vanishi na maandishi ya kupendeza vina gharama yake, lakini ulimi hauvionji.

Nimeweka mezani nne, zote zimeviringishwa kwa mkono, zote za daraja la juu na zote laini: Macanudo Café, Oliva Connecticut Reserve, Ashton Classic na Davidoff Signature. Ni aina za biri ambazo ndugu anayepitia Dubai au Nairobi huja nazo kwenye mfuko wa duka la uwanja wa ndege. Pembeni nimeiweka Hoyo de Monterrey ya Kuba, kwa sababu hakuna mazungumzo ya biri yanayokwisha bila mtu kuuliza habari za Kuba.

Msomaji mwenye haraka achukue hili: kwa fedha ya mfukoni mwako mwenyewe, nunua Ashton Classic. Bajeti ikiwa finyu, Oliva. Macanudo mpe anayejaribu kwa mara ya kwanza. Davidoff inunue ukijua hasa unachokitafuta. Asiye na haraka asome sababu, maana akizishika ataweza kuipima hata biri ambayo sijaitaja.

Kuna jambo la kusema waziwazi kabla ya kuendelea. Biri haigeuki kuwa salama kwa sababu tu haivutwi hadi kifuani. Moshi wake hukaa kinywani, na nikotini yake hupita kwenye ngozi ya mdomo moja kwa moja. Saratani ya kinywa, koo na umio zinawafuata wavutaji wa biri kama zinavyowafuata wa sigara. Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 na kuvuta kwenye maeneo ya umma yaliyozuiwa. Asiyevuta sina sababu ya kumshawishi aanze. Ninaandika kwa ajili ya mtu mzima ambaye tayari anavuta mara chache, na hataki kulipa fedha nyingi kwa jani hafifu.

Jani la biri halipiti banini

Ndani ya biri hizi hakuna tumbaku ya mvuke kama yetu. Ya kwetu inaingia banini ikiwa mbichi, inapigwa joto la mabomba kwa takriban wiki moja, inatoka na rangi ya limau au ya chungwa, na sukari yake imebaki ndani. Moshi wake una asidi kidogo, ndiyo maana mvuta sigara asipouvuta hadi kifuani haridhiki.

Jani la biri linakwenda njia nyingine. Linatundikwa kwenye banda lenye upepo kwa wiki nyingi, likauke lenyewe, sukari iishe taratibu na rangi igeuke kahawia. Kisha linavundikwa. Majani yanapangwa lundo kubwa, lundo linapata joto lake lenyewe bila moto, na kila joto linapozidi wafanyakazi wanalifumua, ya ndani yanakwenda nje na ya nje yanarudi ndani. Kazi hii inarudiwa kwa miezi. Kinachofukuzwa humo hasa ni amonia. Aliyewahi kufungua mtumba uliofungwa na unyevu anaijua harufu ile inayochoma pua na kutoa machozi. Baada ya kuvundikwa, majani yanafungwa na kuwekwa ghalani mwaka mmoja, miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi.

Ukilipa zaidi kwa biri, miaka hiyo ndiyo unayopaswa kuilipia. Tumbaku iliyokaa ghalani ni mtaji uliolala, na mwenye haraka ya kuuza hawezi kuigiza matokeo yake. Jani lililovundikwa nusu litakuuma ulimi na kukuachia kinywa kikavu hata kama limefungwa pete ya nani.

Wakulima wa kule wanaugawa mche kama tunavyougawa sisi. Majani ya chini wanayaita volado, kazi yake kubwa ni kuwaka vizuri. Ya katikati ni seco, yenye harufu. Ya juu ni ligero, yenye nguvu na mafuta, yanayowaka kwa shida, na kwa sababu hiyo huwekwa kwenye moyo wa biri ambako moto ni mkali zaidi. Biri laini inajengwa kwa seco nyingi na ligero kidogo sana. Mteuzi wa tumbaku wa soko la Urambo akiambiwa hivi hahitaji maelezo zaidi.

Jani la nje, lile unaloliona, nalo ni somo. Biri laini nyingi huvishwa jani la mbegu ya Connecticut, lenye rangi ya maziwa yaliyochanganywa na kahawa. Katika bonde la mto Connecticut, Marekani, tangu mwanzoni mwa karne ya 20 wamelilima chini ya mahema ya kitambaa, ili jua lisilipige moja kwa moja na jani libaki jembamba, pana, lenye mishipa midogo. Ekuador wanalima mbegu hiyohiyo bila mahema, kwa kuwa mawingu ya kule yanafanya kazi ya kitambaa. Gharama ya kivuli cha Connecticut ni kubwa sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya watengenezaji wengi kuhamia jani la Ekuador.

Sasa ugumu wenyewe. Biri kali inaweza kuficha jani baya, kama pilipili inavyoficha samaki aliyelala. Biri laini haina pa kujificha. Uchachu kidogo, jani moja lisilokomaa, mkono uliobana kupita kiasi, vyote vinafika ulimini. Ndiyo sababu nasema biri laini ya bei kubwa ipimwe kwa ukali kuliko nyingine zote, na usikubali kuambiwa kwamba haina ladha kwa kuwa ni laini. Laini maana yake ni nguvu ndogo ya nikotini. Ladha ni jambo jingine, na unayo haki ya kuidai.

Kabla ya kuwasha

Ibonyeze kwa vidole viwili kuanzia kichwani hadi mwisho. Inatakiwa irudi yenyewe, sawasawa urefu wote. Ukikuta sehemu laini kama imetoboka ndani, hapo moto utakimbia upande mmoja. Ukikuta fundo gumu, mvuto utaziba. Tazama mishipa ya jani la nje na mshono wake. Tafuta vitundu vidogo vya mviringo, kama vimetobolewa na sindano. Hivyo ni vya mdudu yuleyule anayeharibu tumbaku kwenye maghala yetu, na biri moja yenye kitundu ndani ya sanduku inatosha kukufanya ulikatae sanduku zima.

Nusa mwisho usiokatwa. Kwa zile za laini zilizovundikwa vizuri utapata nyasi kavu, mbao, wakati mwingine kakao. Amonia ikikupiga, irudishe ikae miezi kadhaa. Ukishakata kichwa, vuta bila kuwasha: hewa ipite kwa upinzani mdogo. Ikipita kama kwenye bomba tupu, imejazwa kidogo na itaungua kwa joto kali. Ikigoma, umenunua kijiti.

Usivute ukiwa na njaa. Wachumaji wanaoingia shambani alfajiri majani yakiwa na umande wanajua kizunguzungu na kichefuchefu kinachokuja nikotini ikipenya ngozini. Biri kwenye tumbo tupu inaleta hali hiyohiyo, hata ikiwa laini. Kula kwanza, weka maji karibu, au kahawa nyeusi ya Kigoma isiyo na sukari, ambayo kwangu ndiyo rafiki bora wa biri laini. Bia baridi inaua nusu ya ladha. Vuta mara moja kwa dakika, si zaidi. Ukiharakisha, biri yoyote, hata ya Davidoff, itakuwa chungu.

Macanudo Café na Oliva Connecticut Reserve

Hizi mbili ndizo za bei ya chini kwenye meza hii, na kila moja ina wateja wake.

Macanudo ilianzia Jamaika, sasa inatengenezwa Jamhuri ya Dominika. Café inavaa jani la kivuli la Connecticut, jani la kufungia, lile linaloshika tumbaku ya ndani, linatoka San Andrés, Meksiko, na ndani kuna tumbaku ya Dominika na ya Meksiko. Kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa biri za mkono zinazouzwa sana Marekani, na ukiivuta unaelewa kwa nini. Haimuumizi mtu. Inaanza na kitu kama karanga mbichi, inakuwa na utelezi wa maziwa, inaisha kwa mbao kavu. Inawaka sawa, jivu lake jeupe, mvuto hauna shida. Lakini theluthi ya kwanza na ya mwisho hazitofautiani sana. Ukiwa unaongea na wageni na biri ni ya kushika mkononi, hilo si tatizo. Ukikaa peke yako barazani jioni kuisikiliza, utaanza kuangalia saa kabla haijafika nusu.

Oliva Connecticut Reserve ni ya Estelí, Nikaragua. Jani la nje ni la Ekuador, ndani na kwenye kifungio ni tumbaku ya Nikaragua yenyewe. Udongo wa Estelí ni wa volkano na tumbaku yake kwa asili ni kali, kwa hiyo kuitengeneza laini kunahitaji uteuzi makini wa majani. Hapa naona kazi nzuri. Ina mkate uliochomwa, kahawa yenye maziwa, na karibu na mwisho pilipili manga kidogo inayoamsha ulimi bila kuukwaruza. Nguvu yake imezidi ya Macanudo kwa hatua moja, na mtu ambaye hajazoea ataisikia. Udhaifu wake niliouona ni wa moto: mara kwa mara upande mmoja unachelewa na inabidi kuugusa kwa kiberiti. Si kasoro kubwa kwa bei hiyo.

Kati ya hizo mbili ningeweka fedha yangu kwenye Oliva bila kusita. Macanudo unalipia uhakika kwamba hakuna kitakachoharibika. Oliva unalipia ladha. Mzee aliyezoea kiko ataiona Macanudo kama moshi mtupu, na Oliva ataimaliza. Kijana aliyealikwa harusini na hajawahi kugusa biri, mpe Macanudo, na umwambie asiumeze moshi.

Ashton Classic na Davidoff Signature

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu tofauti ya fedha ni kubwa na tofauti ya jani inahitaji umakini kuiona.

Ashton ni jina la Robert Levin, mfanyabiashara wa tumbaku wa Philadelphia, lililoanza mwaka 1985. Yeye hakujenga kiwanda. Biri zake zinaviringishwa Jamhuri ya Dominika na ukoo wa Fuente, walioanza kazi hiyo Tampa, Florida, mwaka 1912. Classic inavaa jani la kivuli la Connecticut, na tumbaku ya ndani ni ya Dominika iliyozeeshwa, wanasema wenyewe, miaka 3 hadi 4. Dai la namna hiyo kila mtu anaweza kulitoa, kwa hiyo lipime. Washa, vuta mara tano au sita, kisha pitisha moshi kidogo sana puani. Jani changa litakuchoma hapo. Ashton haichomi. Inapita na harufu ya korosho zilizokaangwa na unga wa mbao, na utamu mdogo unaobaki nyuma ya ulimi.

Inavyoendelea inabadilika. Theluthi ya kwanza ni ya maziwa na korosho. Ya pili inaingia mbao na kitu kinachonikumbusha nta ya asali ya miombo, harufu ya mzinga zaidi kuliko utamu. Ya tatu inaongeza pilipili nyeupe. Mabadiliko hayo yote yanakuja taratibu bila nguvu kupanda. Jivu linashikilia urefu wa sentimita mbili hadi tatu kabla ya kudondoka, ishara kwamba ndani kuna majani marefu mazima yaliyokunjwa kwa mpango, wala si vipande vya masalia.

Davidoff ina historia ya fahari zaidi. Zino Davidoff, mzaliwa wa Ukraine aliyejenga jina lake Geneva, Uswisi, alikuwa na biri zake zikitengenezwa Kuba. Kampuni yake iligombana na Wakuba juu ya ubora, mwaka 1989 akachoma hadharani zaidi ya biri 100,000 alizosema hazifai, na utengenezaji ukahamia Jamhuri ya Dominika mikononi mwa Hendrik Kelner. Uteuzi wa majani wa kampuni hii ni mkali kweli, na unaonekana. Sijashika biri yenye jani la nje safi kuliko Signature: mishipa karibu haionekani, rangi moja kutoka kichwa hadi mwisho, mshono unaoutafuta kwa ukucha. Inawaka kama imepimwa kwa rula.

Ladha yake ndiyo inayowagawa watu. Ndani ya utelezi wa maziwa na nyasi kavu kuna harufu ya uyoga. Wengine wanaiona ni ya chumba kilichofungwa muda mrefu na hawaitaki. Mtu wa Tabora ana bahati hapa, kwa kuwa uyoga wa porini anaujua. Mvua za kwanza zikinyesha na akina mama wakapanga vikapu barabarani, harufu ile ya udongo na majani yaliyooza vizuri ndiyo hiyo. Mimi naipenda sana. Ni harufu ya tumbaku ya Dominika iliyoteuliwa kwa makusudi, na katika nne hizi haipo kwingine kwa kiwango hicho.

Je, inastahili bei? Davidoff moja mara nyingi inakaribia bei ya Oliva mbili au inaizidi, na iko juu ya Ashton kwa kiasi cha kuhisi. Tena angalia ukubwa. Signature 2000, mojawapo ya zinazopatikana kirahisi, ina urefu wa inchi 5 na kidogo na unene wa 43. Unene wa biri huhesabiwa kwa sehemu 64 za inchi, kwa hiyo 43 ni zaidi kidogo ya milimita 17. Ashton Classic Magnum ni inchi 5 kwa unene wa 50, karibu milimita 20. Ukifanya hesabu ya ujazo, Signature 2000 ina takriban robo tatu tu ya tumbaku iliyomo kwenye Magnum. Kwa hiyo unalipa zaidi, unapata pungufu, na inaisha mapema. Biri ya ukubwa wa Magnum ikivutwa kwa utulivu inakwenda dakika 45 hadi saa nzima.

Watetezi wa Davidoff wanasema biri nyembamba ni kazi ngumu zaidi kuviringisha na kwamba jani la nje lina sauti kubwa zaidi ndani yake. Ni kweli. Hata hivyo, kazi ya mkono na utakaso wa jani vimeniridhisha kwenye Ashton kwa kiwango ambacho Davidoff inakipita kwa hatua ndogo tu, na hatua hiyo ndogo ndiyo inayouzwa kwa fedha nyingi. Mwenye kuutafuta ule uyoga atalipa kwa furaha, na hatakosea. Mwenye kutafuta biri laini nzuri ya kuvuta mara moja kwa mwezi, Ashton inamtosha, na anabaki na chenji.

Na ya Kuba?

Hoyo de Monterrey Epicure No. 2 ni ya milimita 124 kwa unene wa 50, na katika biri za Kuba huhesabiwa miongoni mwa laini. Ikiwa halisi na imekaa miaka michache, ina mbao, maua na utamu ambao hizi nne hazina. Siwezi kuipendekeza kwa mnunuzi wa Tabora, kwa sababu mbili. Ubora wake unapanda na kushuka sanduku kwa sanduku, hasa mvuto. Na bei za Kuba zimepanda sana tangu 2022, zikawavutia wauza bandia zaidi ya walivyokuwa.

Sanduku halisi lina muhuri wa dhamana wa kijani na nyeupe, na upande wa chini wa sanduku maneno yamechomwa kwenye mbao kwa Kihispania kueleza kwamba zimetengenezwa Kuba, zote kwa mkono. Ukioneshwa Cohiba, jina jingine la Kuba, kwenye sanduku lenye kifuniko cha kioo, rudisha. Hakuna sanduku la namna hiyo linalotoka Kuba. Anayekuuzia biri moja ya Kuba kutoka mfukoni kwa bei ya Macanudo naye mwache aende.

Hesabu ya fedha

Nina njia moja ninayoiamini. Chukua bei ya biri, ugawe kwa dakika ulizoivuta kwa raha, na uziache nje dakika ulizovuta kwa sababu tu umeshalipa. Tuseme biri ya dola 8 imekupa dakika 50 lakini 20 za mwisho zilikuwa chungu. Umelipa dola 8 kwa dakika 30, karibu senti 27 kila dakika. Nyingine ya dola 12 imekupa dakika 55 zote njema; hiyo ni chini ya senti 22. Ya bei kubwa imekuwa rahisi. Njia hii ndiyo iliyoiinua Ashton juu ya Macanudo kwenye daftari langu, na ndiyo iliyoishusha Davidoff.

Nunua moja moja kabla ya kununua sanduku, na usiihukumu biri kwa moja. Tatu za jina lilelile, siku tofauti, zitakuonesha kama ubora unatulia. Kumbuka pia kwamba ikiuzwa hapa nchini, bei imebeba ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18, kwa hiyo tofauti ndogo iliyopo duka la uwanja wa ndege inakuwa kubwa ikifika rafu ya Dar es Salaam.

Zikifika Tabora

Biri zimezoea hewa ya unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Kiangazi chetu, kuanzia Mei hadi Oktoba, kinazikausha kwa siku chache; jani la Connecticut ni jembamba mno na litapasuka kabla hata hujalikata. Masika nayo yanaleta ukungu, na joto la juu linaamsha mayai ya yule mdudu. Njia rahisi isiyo na gharama kubwa ni chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, safi kisicho na harufu, pamoja na pakiti za kudhibiti unyevu zinazouzwa kwa wenye biri. Muombe anayekuletea biri alete na pakiti. Kiweke sehemu yenye kivuli na baridi, mbali na jiko.

Wenye kutaka sanduku la mbao huuliza kama mninga unafaa. Fundi wetu atalitengeneza zuri sana, lakini mninga una harufu yake na utaihamishia kwenye jani. Mbao zinazotumika duniani kote kwa kazi hii ni za sederela, mti wa Amerika ya Kati ambao ulipandwa pia hapa Tanzania, huko Morogoro umeenea hadi kwenye misitu ya asili. Ukipata vipande vyake kwa fundi, vipange ndani ya chombo chako cha plastiki. Na usiweke biri kwenye kabati moja na dagaa wa Kigoma. Jani la tumbaku linanyonya harufu ya kila jirani, na biri laini haitakusamehe.

Zikiwa zimesafiri kwa ndege na basi, ziache zitulie ndani ya chombo wiki mbili au tatu kabla ya kuzihukumu. Anzeni na Oliva, siku nyingine Ashton, kila mtu akiwa ameshiba, kahawa ikiwa mezani, na mmoja wenu aandike dakika.